Usukani wa Mjane

"Taja bei yako mara moja, kisha funga mdomo."

Somo hilo nimelirudia gerejini kwetu mpaka wanafunzi wananiigiza nikigeuza mgongo. Ukishataja bei, nyamaza. Usikohoe, usichekecheke, usianze kujieleza kwamba sifongo imepanda na uzi umepanda. Ukimya unauma, na anayeumia kwanza ndiye anayepunguza. Jumamosi ile asubuhi mwanafunzi wangu Yadira alikuwa amesimama mbele ya mteja wake wa kwanza, mzee mmoja aliyetaka kiti cha pikapu yake kishonwe upya, nami nimejibanza nyuma ya buti la gari lililofunguliwa, nasikiliza kama mwizi.

"Kabla hatujafika kwenye bei, mzee wangu," Yadira alisema, "hebu niambie. Kwenye kiti hicho umekosa nini miaka yote?"

"Kukosa?" Mzee alikuna kidevu. "Mke wangu analalamika chuma kinamchoma kiunoni. Siku hizi hapandi kabisa. Napanda peke yangu."

"Basi hapa hushonewi kiti. Unarudishiwa mke."

Mzee akacheka. Yadira akataja bei, bei ya kweli, bila kuimung'unya. Kisha akafunga mdomo. Isidro, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akisugua rimu pale chini, akaacha kusugua. Gereji nzima ikaacha kupumua. Mzee akatazama dari, akatazama viatu vyake, akamtazama yule msichana wa miaka kumi na sita aliyesimama ndani ya ovaroli, macho hayapepesi.

"Haya," mzee alisema. "Nilete lini?"

Alipotoka tu nje, watoto walipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Nilimkumbatia Yadira nikamwambia asilie, na mwenyewe nalia.

Hao ndio watoto wangu. Sikuwazaa hata mmoja. Kila mmoja alitufikia akiwa amefukuzwa darasani au yuko mbioni kufukuzwa, na mimi na Nazario, fundi wetu wa rangi, tukawafundisha kupiga msasa, kuchomelea, kushona viti, na kuuza kazi yao bila kuomba radhi. Jina la gereji walilichagua wenyewe: Los Tercos, Wabishi. Walimu wao walikuwa wakiwaita hivyo kwa kuwatukana, nao wakaona bora wautumie ubishi wao kibiashara. Isidro alilikata jina hilo kwenye bamba la chuma, akaling'arisha siku kadhaa, likawa kibao cha kuweka kwenye dirisha la nyuma la gari, kama vibao vya klabu kubwa za magari. Kilikuwa kinangoja gari la kukibeba.

Na gari lilikuwepo. Lilikuwa la marehemu mume wangu.

Beto alifariki ghafla kazini, moyo ulimsimama, akaacha Impala yake ya mwaka sitini na nne ikiwa haina injini wala viti. Miaka minne ilikaa chini ya turubai uani kwa mama yake, Doña Eduviges, na mama mkwe akawa anawasha mishumaa juu ya boneti. Nilipoomba niwape watoto wajifunzie, alikubali. Nilidhani ameelewa. Kumbe alielewa lake.

Rangi ya gari ilikuwa nyekundu ya komamanga, na hiyo ndiyo iliyoukutanisha moyo wangu na Nazario Bustos. Alikuja mtaani kwetu kutoka Bakersfield, fundi wa kupuliza rangi, hana klabu, hana binamu, na kwa watu wa barabara ya Whittier, ambako klabu za magari hupita kujionyesha kila Jumapili, mtu asiye na klabu ni mtu asiye na kwao. Alichanganya rangi ile mara sijui ngapi, kila mara akiniita. "Ilikuwa hivi?" Namwambia hapana. "Na hivi?" Hapana. Mwisho nikamletea kipande cha ndani ya mlango ambacho jua halikuwahi kukifikia. Akakishika muda mrefu.

"Huyu mtu alikupenda sana," alisema. "Hakuna mwanamume anayechagua rangi hii kwa ajili ya wanaume wenzake."

Weee! Mwanamume anayeweza kumsifu marehemu mbele ya mjane wake, bila wivu, bila kujipendekeza, utamkimbia uende wapi? Tangu siku ile nilikuwa nimekwisha. Lakini hatukuambiana kitu. Tuliambiana habari za vanishi na uzi.

Asubuhi ile, kelele za Yadira zilipotulia, Nazario alikuja nilipokuwa nasafisha mahameli ya kiti cha mbele kwa brashi.

"Una uzi kwenye nywele," alisema.

"Utoe basi."

"Mikono yangu ina nta."

"Nani kakwambia naogopa nta?"

Akautoa. Uzi wenyewe ulikuwa mfupi, lakini aliutoa kama mtu anayefungua mkufu. Nilimtazama, akanitazama, na sikukwepesha macho. Nimechoka kukwepesha macho. Watoto wakapiga miluzi.

"Kazini!" nikawakaripia, na hakuna aliyeogopa.

Hapo ndipo shemeji yangu Rogelio alipoingia. Hakubisha hodi. Nyuma yake alikuja Doña Eduviges na gauni lake jeusi na mkoba wake mweusi, midomo ameibana. Sijui walikuwa wamesimama mlangoni tangu lini.

"Funguo," Rogelio alisema, kiganja amekinyoosha.

"Na wewe habari za asubuhi, shemeji."

"Amparo, sina muda. Kesho Jumapili Los Constantes tunatangulia barabara nzima na gari la marehemu. Nimeshawaambia wanachama." Alifunua kitambaa cha bluu. Ndani yake kulikuwa na kibao cha Los Constantes, klabu ya magari ambayo babake aliianzisha, Beto akaipenda, na yeye leo ndiye mwenyekiti. "Hiki kinakaa dirisha la nyuma. Mimi naendesha. Wewe utakaa pembeni yangu, nguo nyeusi, watu wakuone."

"Na watoto waliolijenga gari hili?"

"Watashukuriwa."

"Kwa jina gani?"

"Amparo, usianze."

"Nauliza tu. Wamelifufua kutoka kwenye kutu. Kesho mtaa wote utauliza nani kashona, nani kapuliza rangi, nani kafunga injini. Jibu litakuwa kibao chako? Wao watapata wapi wateja?"

"Hao ni watoto!" alisema. "Wajifunze kwanza kusubiri zamu yao." Kisha akamgeukia Nazario, na sauti ikashuka. "Na wewe, mwisho wako ni kwenye rangi. Kesho nisikuone Whittier. Umelipwa, kazi imekwisha. Watu wanasema."

"Watu wanasema nini?" mimi ndiye niliyejibu.

"Kwamba mjane wa kaka yangu anachezewa nywele gerejini mchana kweupe, mbele ya watoto wa wenyewe."

"Hao watu ni wewe, Rogelio. Umeona sasa hivi, hujapata hata muda wa kumwambia mtu."

Isidro akakohoa kuficha kicheko. Doña Eduviges hakucheka. Alisogea, akanishika mkono, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko makelele ya mwanawe, kwa sababu yule mama amenilisha, ameniuguza, na tulilia pamoja tukiwa tumeshikana hivyohivyo.

"Binti yangu, mimi sikukatazi kuishi," alisema. "Wewe bado kijana. Lakini gari la mwanangu halitambebea mwanamume mwingine. Na ile nyumba ya nyuma niliyokupa ni ya mjane wa Beto. Siku utakapokuwa wa mtu mwingine, itabidi uniachie. Sisemi kwa ubaya."

"Ni kwa ubaya, mama."

"Basi ni kwa ubaya."

Mambo yakawa wazi hapo. Nyumba, gari, jina la watoto, na Nazario, vyote kwenye mizani moja, na mimi natakiwa nichague kipi kianguke. Nazario alikuwa amesimama na kitambaa cha nta mkononi, ameinamisha kichwa. Nilitamani ainue.

Rogelio hakungoja. Funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari, akazinyakua, akaingia garini. Gari lilikuwa limelala, tumbo karibu liguse sakafu, kama magari yetu yanavyolala yakipumzika. Kabla ya kutoka ni lazima uliinue kwa swichi za pampu. Rogelio akawasha injini, ikaitikia mara moja, na watoto, pamoja na hasira zao, walitazamana kwa fahari. Akabonyeza swichi ya mbele.

Mbele haikuinuka. Gurudumu moja la nyuma likanyanyuka, likaning'inia hewani, na Impala ya marehemu ikasimama pale imeinua mguu kama mbwa aliyeona nguzo.

"Mwacheni amalize haja yake!" Yadira alisema, na gereji ikaangua kicheko.

Rogelio akabonyeza nyingine. Mguu ukashuka, wa pili ukapanda. Akabonyeza zote. Gari likacheza kama punda aliyechokozwa, na kibao cha bluu kikadondoka kwenye kiti.

"Mmeliharibu!" alipiga kelele akitokeza kichwa dirishani. "Nani kafunga hizi waya?"

"Marehemu mwenyewe," Isidro alisema. "Sisi tulitaka kuzibadilisha, Fundi Nazario akakataa. Alituambia kila waya irudi mahali alipoiacha mwenyewe."

Nilikwenda kwenye dirisha la dereva. "Sogea," nikamwambia shemeji yangu. Hakusogea, nikapitisha mkono mbele ya kifua chake, nikabonyeza swichi ya tatu na ya kwanza bila kutazama. Gari likatulia. Kisha likainuka lote pamoja, taratibu, likasimama sawasawa.

"Alikuwa wa mkono wa kushoto, Rogelio," nilisema. "Kaka yako. Kila kitu alikifunga kinyume. Umesahau?"

Uso wake ulibadilika, na kwa dakika moja nilimhurumia. Alikuwa amesahau kweli. Alizima injini akashuka, funguo akaziacha mle ndani, na hakuna mtoto aliyecheka tena.

Ndipo Yadira akafanya jambo ambalo sikumtuma. Alimsogelea Doña Eduviges, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Bibi, samahani, naomba nikuulize. Jumapili wewe huwa unakaa gari gani?"

"Mimi?" Mama mkwe alimtazama kana kwamba hajasikia vizuri. "Mimi sikai gari. Nina kiti changu cha kukunja. Nakaa mbele ya duka la mikate, nawaona wakipita."

"Hujawahi kupanda hata siku moja?"

"Kiti cha mbele ni cha mchumba, mtoto. Nyuma hukaa rafiki zao na vinywaji vyao. Nimekuwa na mume mwenye gari, na wana wawili wenye magari." Aliuhamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Nani aliwahi kuniambia panda?"

"Mama, twende," Rogelio alisema.

Yadira akageuka. Alinitazama mimi. Yule mtoto, ningempa gereji nzima siku ile. Nikajua kinachofuata ni changu, na kwamba nikikawia nitaogopa. Nikasimama mbele ya mama mkwe wangu.

"Mama, kesho gari naendesha mimi," nilisema. "Najua klabu yenu haijawahi kuona mwanamke kwenye usukani. Kesho itaona. Dirisha la nyuma kitakaa kibao cha Wabishi, kwa sababu kazi ni yao. Na kiti cha pembeni atakaa Nazario, kwa sababu nampenda. Beto nilimpenda mpaka siku ya mwisho na bado nampenda, na huyu pia nampenda, na sitaomba radhi kwa lolote kati ya hayo mawili. Nyumba yako ukiitaka, chukua."

Nikafunga mdomo.

Mungu wangu, ukimya ule! Kufundisha ni rahisi. Maneno yalikuwa yamejipanga shingoni: mama nisamehe, mama nielewe, mama nilikuwa mpweke. Nikayameza moja moja. Kwa pembeni nilimwona Isidro amejiziba mdomo kwa mikono miwili, maana ameelewa ninachofanya.

"Hakuna mwanamke..." Rogelio alianza.

Kwa kusema kwanza, yeye alikuwa ameshindwa, lakini sikuwa nashindana naye. Nilikuwa namtazama mama yake. Doña Eduviges alinitazama juu hadi chini, akafunga mkoba wake, klik, akageuka, akatoka zake bila neno. Rogelio akachukua kibao chake akamfuata.

Nilikuwa nimewafundisha watoto kila kitu isipokuwa hilo. Mteja akiondoka bila kusema kitu, unafanyaje?

"Umesema nini mbele ya watu?" Nazario aliniuliza. Kitambaa cha nta kilikuwa bado mkononi.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Sikujua kama na wewe unajua."

"Basi sasa sote tunajua."

Alinivuta mpaka kwenye chumba cha rangi, mbali na masikio ya watoto, ingawa mlango wenyewe ni pazia la plastiki. "Amparo, sikiliza. Mimi mtu wa mabegi mawili. Naweza kurudi Bakersfield, nikakaa miezi kadhaa, mambo yakapoa. Yule mama ndiye familia uliyonayo. Sitaki ulale kwa watu kwa sababu yangu. Nakupenda, ndiyo maana nasema..."

Mara ya kwanza kunitamkia neno hilo, na amelifunga kwenye habari ya kuondoka! Nilimkata jicho.

"Nazario Bustos, nimetaja bei yangu. Nimeitaja mbele ya mama mkwe, mbele ya shemeji, mbele ya wanafunzi. Sasa wewe ndiye utakayenishusha?"

"Sikushushi..."

"Unanishusha. Unataka nipewe nyumba na ninyimwe wewe, halafu nishukuru. Sitaki. Ukinipenda, nipende hapahapa watu wakiona. Usiponipenda, sema, nitatafuta mtu mwingine wa kukaa pale pembeni. Isidro atafurahi."

Nami nikanyamaza. Pazia la plastiki lilikuwa na vivuli vya vichwa visivyopungua sita. Nazario alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Kesho nivae shati gani?" aliuliza.

Nyuma ya pazia kelele zilipigwa kama za mpirani. Alinibusu na nta yake yote, nami sikujali.

Jumapili nilivaa gauni la njano. Jeusi nililiacha kitandani, limetandazwa vizuri, kwa sababu nililiheshimu. Asubuhi yote mlango wa mama mkwe haukufunguliwa, ingawa harufu ya menudo, supu yake ya utumbo, ilitoka jikoni kwake kama kila Jumapili. Hakuniita kuchukua bakuli langu. Nilipita uani nikiwa na njaa na mgongo umenyooka. Sikuwa nimelala, nilipanga vitu vyangu kwenye makasha.

Whittier ilikuwa imejaa. Magari yanatambaa, yanainama, yanainuka, muziki wa kila dirisha. Nilipoingiza Impala barabarani, kwanza watu waliona rangi. Wakapiga makofi. Kisha wakaona nani kashika usukani, na makofi yakasitasita.

Los Constantes walikuwa wamejipanga mbele ya kituo cha mafuta. Nilipita taratibu kabisa ili wasikose kitu. Wazee wengine walitazama pembeni. Wake zao hawakutazama pembeni hata kidogo.

"Amparo!" mmoja alipaza sauti. "Nani kakufundisha kuendesha hilo dude?"

"Nimekaa pembeni miaka yote ile, mlidhani nilikuwa nasinzia?"

Wanawake wakacheka, mmoja akapiga kigelegele, na mumewe akamwambia kitu ambacho hakukisikiliza. Nyuma yetu, kandokando ya barabara, watoto walikuwa wanagawa kadi za gereji, Yadira akisimamisha watu wazima bila haya. "Hilo la komamanga? Sisi ndio tumelitengeneza. Lako limekosa nini?" Nazario alikaa pembeni yangu na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, mikono juu ya magoti kama mtoto aliyepelekwa kanisani.

"Pumua," nikamwambia.

"Wananitazama."

"Watazame na wewe. Macho hayalipiwi."

Kisha tukafika kwenye duka la mikate.

Kiti cha kukunja kilikuwa pale pale. Doña Eduviges amekikalia, gauni jeusi, mkoba mapajani. Rogelio alikuwa amesimama nyuma yake. Niliona midomo yake ikisema, usimtazame, mama. Na mama alikuwa anatazama mbele, kule ng'ambo ya barabara, kama hatupo.

Nikasimamisha gari.

Katikati ya barabara, ndiyo. Gari la nyuma likapiga honi. La nyuma yake likapiga. Muda si muda Whittier yote ilikuwa inapiga honi, na mtu mmoja akanitukana mimi na ukoo wangu. Nazario akanong'ona, "Mwite." Nikatikisa kichwa. Nilishasema yangu jana. Nikikaa kimya nikapoteza, nimepoteza; lakini sitaanza kupunguza barabarani. Machozi yalikuwa yananitiririka na mdomo nimeufunga.

Doña Eduviges alisimama.

Akakunja kiti chake. Rogelio akamshika bega, mama akauondoa ule mkono kama mtu anayefuta chembe za mkate. Akashuka kwenye ukingo wa barabara, akaja mpaka dirisha la Nazario.

"Wewe," alisema.

"Naam, mama."

"Mimi si mama yako. Toka, ukilaze hicho kiti nipite nyuma. Sipandi juu ya watu kama mbuzi."

Nazario alitoka haraka akajigonga kichwa. Mama mkwe akaingia, kiti chake cha kukunja kikamfuata, na mkoba, na harufu yake ya sabuni na menudo. Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa anapitisha kiganja kwenye mahameli, kwenda na kurudi.

"Mshono umepinda hapa," alisema.

"Haujapinda."

"Umepinda." Honi zilikuwa zinalia, naye wala hajali. "Ile nyumba ya nyuma, paa linavuja juu ya kitanda chako. Nimekwambia mara ngapi? Huyu anajua kuziba paa, au anajua rangi tu?"

"Anajua, mama," nilisema.

"Tutaona." Alijiweka sawa, akavuta gauni magotini, akainua kidevu. Nje, Rogelio alikuwa amesimama peke yake mbele ya duka la mikate. "Sasa inyanyue hiyo mbele. Juu kabisa. Miaka yote nimewaona wao, leo na wao wanione."

Nikabonyeza kwa mkono wa kushoto.